SV650S ya mwaka 2000 na shoki za mbele za GSX-R750: je, vipimo vitakubaliana?

Wambui_Langata aliuliza:

Wapendwa, naomba ushauri wa mafundi na wapanda pikipiki waliowahi kuchanganya vipuri vya modeli mbalimbali. Nina Suzuki SV650S ya mwaka 2000, ile ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa sisi 645, inayotumia kabureta. Niliinunua ikiwa imegongwa upande wa mbele: mabomba ya shoki yamepinda, rimu ina bonde, na taa pamoja na maganda ya mbele vimevunjika, ingawa injini inawaka vizuri na giaboksi haina kelele. Nataka kuifufua iwe pikipiki ya kuaminika ya kunifikisha Magadi au Naivasha mwishoni mwa juma, wala si ya maonyesho.

Muuzaji mmoja wa vipuri katika Barabara ya Kirinyaga ana sehemu ya mbele ya GSX-R750 ya mwaka 2006: shoki za kugeuzwa, yaani zile ambazo bomba nene huwa juu na jembamba chini, vibano vyote viwili vinavyozishika, gurudumu, na kalipa zake za breki. Diski za pikipiki hiyo zilikwisha kuuzwa, kwa hiyo ananipa nyingine za kipenyo cha milimita 300 kutoka modeli tofauti, akisema kwamba zote ni za Suzuki na zitaingia tu. Ananihimiza pia nibaki na masta silinda yangu ya zamani, yaani pampu ya breki iliyo kwenye mpini, ili nipunguze gharama, na nitoe boksi la hewa niweke filta za wazi kwenye kabureta.

Kabla sijatoa pesa, ningependa kujua ni vipimo gani nivichukue nikiwa dukani kwake, pikipiki itabadilika vipi barabarani, na kama kuna jambo lolote la kupeleka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ninaweza kusubiri na kugharimika zaidi iwapo kufanya hivyo kutaniletea usalama.

Kerezo_Kariobangi alijibu:

Dada Wambui, umeuliza wakati ufaao, yaani kabla ya kulipa. Pikipiki iliyogongwa mbele huanza kuchunguzwa kwenye fremu, na vipuri hufuata baadaye. Fremu ya SV ya miaka hiyo ni ya alumini, na shingo yake, yaani tundu la mbele linaloshika usukani, ndiyo inayopokea nguvu yote gurudumu linapogonga kitu. Toa shoki na vibano, safisha shingo mpaka isibaki na grisi, kisha ipimwe nyufa kwa rangi ya kupenyeza: rangi hupuliziwa, huachwa iingie, hufutwa, halafu hupakwa dawa nyeupe inayoufanya ufa ujitokeze kama mstari mwekundu. Tazama pia vikombe vya beringi. Vikiwa na vishimo vilivyoachwa na mipira, vibadilishwe vyote viwili. Baada ya hapo pitisha chuma kilichonyooka ndani ya shingo, na ukilinganishe kwa jicho na kwa kipimo na ekseli ya mkono wa nyuma, ule unaobeba gurudumu la nyuma. Ikiwa shingo imesogea au ina ufa, usinunue shoki zozote, na usimruhusu mtu yeyote aichomelee pembeni mwa barabara, kwa sababu alumini ya sehemu hiyo hupoteza nguvu inapopata joto la kuchomelea, hata kama mshono unapendeza machoni.

Fremu ikiwa salama, tuje kwenye mhimili wa usukani, ule unaopita ndani ya shingo. Nenda dukani na venia, kile kipimo cha vipenyo. Pima kipenyo cha mhimili mahali beringi ya chini inapokaa na mahali ya juu inapokaa, pima umbali kati ya sehemu hizo mbili, kisha ulinganishe na mhimili wako. Ukikuta tofauti, kuna njia mbili za haki: kuufyatua mhimili wa SV kwa presi na kuukaza ndani ya kibano cha chini cha GSX-R, au kukereza mhimili mpya. Kwa mhimili mpya ninadai chuma cha EN24, aina ya aloi imara, kilichonunuliwa kwa muuzaji wa vyuma anayeandika aina yake kwenye risiti, si fimbo yoyote iliyookotwa kwenye rundo la vyuma chakavu. Mhimili hukazwa kwa kuzidi tundu kwa sehemu chache za mia za milimita, hauchomelewi kamwe. Nimeona mihimili iliyoshikizwa kwa welding kuzunguka ukingo, nami hukataa kuifanyia kazi yoyote nyingine mpaka itolewe.

Sasa nitakaa kidogo kwenye jambo ambalo watu wengi hulipita, nalo ndilo litakaloamua kama utaipenda pikipiki hii au utaiogopa. Shoki, vibano na tairi hufanya kazi pamoja kuamua umbali kati ya mahali mstari wa mhimili wa usukani ungegusa ardhi na mahali tairi linapogusa ardhi. Tuuite umbali wa ufuatio, kwa kuwa ndio unaolifanya gurudumu lifuate mwelekeo na kujinyoosha lenyewe. Kwa SV yako mwinamo wa shingo kutoka wima ni nyuzi 25 na umbali huo ni milimita 100. Tairi lako la asili ni 120/60-17, lenye nusu-kipenyo cha takriban milimita 288. Gurudumu la GSX-R huvaa 120/70-17, ambalo nusu-kipenyo chake ni milimita 300. Kwa kubadilisha tairi peke yake, umeinua mbele kwa milimita 12.

Kwa upande mwingine, shoki za GSX-R kwa kawaida ni fupi kuliko za SV, hivyo mbele inashuka. Ekseli mbili za pikipiki yako ziko mbali kwa karibu mita 1.4, na kwa umbali huo kila milimita 25 ambazo mbele inashuka hupunguza mwinamo kwa takriban nyuzi moja. Tuseme baada ya kujumlisha tairi na shoki umeshuka milimita 25, na vibano vipya vimeziweka shoki milimita 30 mbele ya mhimili: hesabu inatoa umbali wa ufuatio wa milimita 101, karibu sawa na wa asili. Vibano vingekuwa vya milimita 35, ungebaki na 95. Ukishuka milimita 25 nyingine kwa vibano hivyo vya 35, unafika chini ya 90, na hapo usukani huanza kuwa mwepesi kupita kiasi na hutikisika unapopita kwenye lami yenye makunyanzi.

Kwa hiyo dukani pima mambo matatu na uyaandike: urefu wa shoki kutoka juu kabisa hadi katikati ya ekseli zikiwa zimenyooshwa, umbali wa katikati ya shoki kutoka katikati ya mhimili kwenye kibano, na nafasi iliyobaki ya kuzishusha shoki ndani ya vibano ili kurudisha urefu. Shoki za asili zipimwe vivyo hivyo, na kwa kuwa mabomba yako yamepinda, pima upande ulionyooka zaidi. Ukiniletea namba hizo nitakufanyia hesabu bila malipo, maana hesabu ni rahisi kuliko kuokota vipande vya feringi, yale maganda ya mbele, barabarani.

Mpanda_Magadi alijibu:

Ninamheshimu sana fundi aliyetangulia, na maelezo yake ya fremu ningeyarudia neno kwa neno. Hata hivyo, sikubali kwamba swali la kwanza ni jinsi ya kuziweka shoki za GSX-R. Swali la kwanza ni kama zinahitajika kwa safari alizozitaja dada Wambui.

Udhaifu wa shoki za SV unajulikana. Zina fimbo yenye matundu ndani, na mafuta hupita kwenye matundu hayo hayo gurudumu linapopanda polepole na linapopanda ghafla. Nguvu ya kuzuia huongezeka kwa mraba wa kasi ya mafuta, na ndiyo maana shoki hizo huzama unapofunga breki, halafu zinakuwa ngumu kama zimeganda unapokutana na tuta ambalo hukuliona. Kutoka Nairobi hadi Magadi hakuna anayehitaji kuelezwa wingi wa matuta na viraka. Dawa yake ipo na haigusi vipimo vya pikipiki hata kidogo: springi mpya zinazolingana na uzito wako, pamoja na vali za kuweka juu ya fimbo, kama zile zinazotengenezwa na Race Tech, ambazo hufunguka mafuta yanaposukumwa ghafla. Mabomba mawili mapya au yaliyonyooka ya SV, springi hizo na vali hizo vitakupa pikipiki ambayo mwinamo wake, tairi lake, spidomita yake na vikomo vya usukani wake vimebaki jinsi wahandisi walivyopanga.

Shoki za GSX-R750 zilipangwa kwa barabara laini na kwa mpanda anayelalia mbele. Ni bora kwa ubora wa ndani, sikatai, na breki zake hazina mfano kwenye SV. Lakini unanunua shoki za mwaka 2006 ambazo hujui zimepita kwenye ajali gani. Bomba la juu la alumini likiwa limekwaruzwa na kibano au limebonyea kidogo, halinyooki tena, na bomba la chini likiwa na kutu mahali sili inapopita, kila sili mpya utakayoweka itavuja.

Kuhusu filta za wazi, jibu langu ni fupi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na kabureta zilizopangwa kwa mwambao tayari hutoa petroli nyingi kuliko inavyotakiwa. Boksi la hewa ndilo linalozituliza kabureta hizo za utupu kwenye mwendo wa kati. Ukilitoa utavuruga mwendo wa kati, kisha utaanza kazi ya kutafuta jeti, vile vitundu vya kupimia petroli, ambazo hukuwa na sababu ya kuzitafuta. Liache mahali pake, safisha filta, na uhakikishe mipira inayounganisha kabureta na injini haina nyufa.

Kerezo_Kariobangi alijibu:

Mzee wangu, hoja yako ina uzito, na kama mabomba ya SV yangepatikana kwa urahisi hapa mjini ningemshauri vivyo hivyo. Bomba lililopinda kidogo bila kukunjamana hunyooshwa kwa presi, likikaa juu ya vitalu vya V na kupimwa kwa saa ya kipimo, na ninaifanya kazi hiyo. Lililokunjamana au lililopasuka kromu mahali lilipopindia halinyooshwi. Dada Wambui, tazama hapo kwanza: mstari wowote wa kuzunguka bomba chini ya kibano cha chini unamaanisha bomba hilo limekwisha. Ikiwa yote mawili yamekwisha, na unalazimika kuagiza kutoka nje, gharama za njia hizi mbili hukaribiana, na hapo mbele nzima ya GSX-R inakuwa chaguo la haki, mradi springi zake zibadilishwe zilingane na uzito wako na wa pikipiki.

Breki_Safi alijibu:

Nitazungumzia breki peke yake, kwa sababu pendekezo la muuzaji kuhusu diski limenishtua.

Kalipa za GSX-R750 ya 2006 hufungwa kwa boliti zinazoingia kwa kufuata uelekeo wa nyuma kwenda mbele, moja kwa moja kwenye miguu ya shoki, na miguu hiyo ilitengenezwa kwa diski ya milimita 310. Ukiweka diski ya 300, ukingo wa diski unashuka milimita 5, na sehemu ya juu ya pedi inabaki hewani. Mwanzoni breki zitaonekana nzima. Kadiri pedi zinavyolika, sehemu ile isiyogusa diski haiishi, inabaki kama mdomo, na siku moja midomo ya pedi mbili inakutana juu ya ukingo wa diski na kuzuia pedi kubana. Wala huwezi kurekebisha kwa kuweka vipande vya kusogeza kalipa, kwa kuwa vipande huisogeza kalipa nje, nawe unahitaji kuisogeza ndani. Kinyume chake kingewezekana: miguu ya 300 na diski ya 310 hukubali kipande cha milimita 5. Zaidi ya kipenyo, diski za modeli tofauti hutofautiana kwa matundu ya boliti na kwa kina, yaani jinsi diski inavyokaa pembeni kutoka kwenye uso wa rimu. Diski isiyokaa katikati ya kalipa isisahihishwe kwa washa. Tafuta diski za gurudumu lile lile, na zikiwa zimetumika, pima unene wake: kiwango cha chini kabisa kimegongwa kwenye diski yenyewe.

Masta silinda nayo haichaguliwi kwa kuangalia kilichopo mfukoni. Soma namba iliyo kwenye mwili wake. Ukilinganisha pistoni ya milimita 16 na ya 19, ya 19 husukuma mafuta zaidi kwa asilimia 41 kwa mwendo ule ule wa kidole, lakini kwa nguvu ile ile ya mkono shinikizo linalofika kwenye kalipa hupungua kwa takriban asilimia 29. Masta silinda ndogo ikiunganishwa na kalipa zenye pistoni nyingi kubwa, mshikio hutembea mpaka ukaribie kugusa mpini, na katika dharura hilo ndilo jambo la mwisho unalotaka. Omba masta silinda iliyotoka pamoja na kalipa hizo. Muuzaji akiwa hana, tafuta ya kipimo kile kile, badilisha raba zake za ndani na za kalipa, weka mipira mipya ya breki yenye urefu unaoruhusu usukani kugeuka mpaka mwisho pande zote mbili, na utumie mafuta ya DOT 4 kutoka kopo lililofungwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Kopo lililokaa wazi kwenye rafu halifai hata likiwa limejaa.

Nyaraka_Kwanza alijibu:

Kuhusu NTSA, kitabu cha usajili hubeba namba ya fremu, namba ya injini na rangi ya pikipiki, miongoni mwa mambo mengine. Shoki, magurudumu na breki havina namba kwenye kitabu hicho, kwa hiyo kuvibadilisha hakukulazimishi kuomba kitabu kipya. Ukibadilisha injini au rangi, hilo ni jambo lingine, na maombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Tahadhari moja inayohusu kazi ya fundi wetu: namba ya fremu imegongwa kwenye shingo, mahali hasa patakapofanyiwa kazi. Isipigwe msasa, isipakwe rangi nzito, wala isigongwe kwa nyundo wakati wa kutoa vikombe vya beringi. Pikipiki ambayo namba yake haisomeki ni mzigo kwako kituoni na siku ya kuiuza.

Dai risiti yenye jina la duka, maelezo ya kila kipuri, na namba ya fremu ya pikipiki ilikotoka ikiwa muuzaji anayo. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa. Asiyetaka kuandika chochote amekwisha kukujibu, kwa sababu sehemu kamili ya mbele ya pikipiki ya aina hii huenda ikawa imetoka kwenye pikipiki iliyoibwa, nawe hutaki kuwa unayeshikwa nayo. Na ikiwa utachukua bima kubwa badala ya ile ya mtu wa tatu ambayo sheria inailazimisha, mwandikie kampuni ya bima juu ya mabadiliko haya kabla ya kulipa, upate jibu lao kwa maandishi.

Wambui_Langata aliandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimeyachunguza mabomba yangu jinsi fundi alivyoeleza: la kushoto lina mkunjo unaolizunguka chini ya kibano, la kulia linaonekana kupinda tu. Kwa hiyo nitaanza na shingo ya fremu, nayo ikiwa salama nitamwandikia muuzaji wa mabomba ya SV ili nijue bei halisi kabla ya kurudi Kirinyaga. Ikiwa nitachukua za GSX-R, nitachukua pamoja na diski zake za 310 na masta silinda yake, la sivyo nitaziacha. Boksi la hewa halitaguswa. Swali langu lililobaki ni mawili kwa moja: spidomita itasoma vipi, na nitajuaje kwamba tairi kubwa zaidi halitagonga rejeta kwenye tuta?

Kerezo_Kariobangi alijibu:

Spidomita inayosoma kwenye kitovu cha gurudumu la mbele itanyamaza ukiweka gurudumu la GSX-R, kwa kuwa pikipiki hiyo husoma kasi kwenye giaboksi. Utaweka spidomita ya kielektroniki inayosoma sumaku iliyobandikwa kwenye boliti ya diski, na utaiingizia mzingo wa tairi, ambao kwa 120/70-17 ni takriban milimita 1,885. Hakikisha mzingo huo kwa kuikalia pikipiki, kuisukuma tairi lizunguke mara moja kamili, na kupima umbali sakafuni.

Kwa rejeta, kipimo hufanywa kabla ya kufunga feringi. Toa springi ndani ya shoki zote mbili, rudisha vifuniko, weka gurudumu na madigadi, kisha ikandamize mbele mpaka shoki zifike mwisho wake. Katika hali hiyo geuza usukani kulia na kushoto mpaka usimame. Silinda ya mbele ya SV, bomba lake la ekzosi na rejeta viko karibu sana na tairi, hivyo nataka nione angalau nafasi ya kidole kati ya madigadi na kitu chochote. Ikikosekana, shoki zishushwe ndani ya vibano kwa kiasi kile kile pande zote mbili, na hesabu ya umbali wa ufuatio irudiwe kwa namba mpya. Wakati huo huo tazama kama mipini inagusa tangi na kama vikomo vya usukani vinagusana na fremu kabla ya bomba la shoki kuigusa. Visipogusana kwanza, nitakukerezea vipya vya kufunga kwa boliti kwenye kibano cha chini.